Leza Inajua Chini Ni Wapi

 

Ukiingia kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini, lililojengwa miaka ya 1870 mahali palipokuwa soko la watumwa, wanaotembeza wageni hawakuachi uondoke mpaka wakuoneshe nguzo za upande wa mlangoni. Nguzo hizo zimesimama kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi ule, alikuwa safarini, na mafundi wakazisimamisha walivyoona wao. Aliporudi akakuta kazi imekwisha, akaziacha vivyo hivyo. Mpaka leo zipo, zimebeba mzigo wake, na wageni wanazipiga picha.

Sasa nguzo kama hizo, hata ukizitundikia timazi, timazi haitakwambia kitu. Timazi inajua kama nguzo imesimama wima au imelala upande. Kichwa chake kipi na mguu wake upi, hayo si yake. Hayo ni ya fundi.

Nimeanza na nguzo kwa sababu Unguja imeingia zana ambayo watu wanaiamini kupita kiasi. Ni kile kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, ukikiwasha kinapiga mstari wa mwanga ukutani, mwekundu au wa kijani, umenyooka kutoka pembe hadi pembe. Mafundi wanaiita leza, basi. Zamani ilikuwa zana ya makampuni makubwa ya ujenzi. Sasa zile za bei nafuu, nyingi zikiwa zimetengenezwa China, zinauzwa madukani, na asiyeipata huku humwagizia anayevuka kwenda Kariakoo. Wala wanaonunua si mafundi pekee. Yumo mwenye nyumba anayetaka kutundika makabati ya jikoni, yumo kijana anayejifunza kuweka taili, yumo mwalimu wa skuli anayejenga polepole kule Fuoni, kila mshahara na safu zake mbili tatu za matofali.

Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao leo. Siwakatazi kununua. Nataka tujue kile kisanduku kinajua nini, na wapi elimu yake inaishia.

Tukianzia ndani yake, utashangaa. Leza yenyewe, yaani mwanga ule, ni ya juzijuzi: ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 kule California na mtaalamu aitwaye Theodore Maiman. Lakini kinachoufanya mstari usimame sawa ni cha kale. Ndani ya kisanduku mna kipande cha chuma kinaning'inia, kinapepea, kisha kinatulia kwa msaada wa sumaku zilizowekwa karibu yake. Taa imefungwa juu ya kipande hicho. Kikitulia, nayo taa imetulia, na kioo kilicho mbele yake kinaufungua mwanga uwe mstari. Kwa hiyo leza ya fundi ni timazi iliyowashwa taa. Alichokuwa akikijua babu kwa uzi na kipande cha risasi, ndicho inachokijua leza: chini ni wapi. Ikishajua chini, inajua wima. Ikishajua wima, inajua usawa. Hapo elimu yake inakomea.

Na hata hiyo ina mpaka. Leza nyingi za bei nafuu hujisawazisha zenyewe kama zimeinama kidogo tu, nyuzi nne hivi kila upande. Ukiiweka mahali palipoinama zaidi ya hapo, itapepesa mwanga au italia. Ikilia, usiendelee. Wapo wanaofunga kile kitufe cha kufuli ili isipige kelele, wakaendelea na kazi. Ukishafunga kufuli, kipande cha ndani hakining'inii tena, na mstari unaouona ni mstari wa mshazari tu, hauna habari na ardhi.

Usahihi wake je? Kwenye boksi utakuta imeandikwa milimita 3 kwa mita 10, juu au chini. Kwa kazi ya nyumbani hiyo inatosha. Chumba cha mita 4 kitakupa kosa la milimita moja na ushei, na hakuna kabati litakalolalamika kwa hilo. Lakini maandishi ya boksi ni maneno ya muuzaji. Kisanduku kilichotoka mbali, kikapakiwa na kupakuliwa, kikarushwa juu ya gari na kuteremshwa bandarini, kinaweza kufika kimeshatikisika moyo. Ndiyo maana nasema: ijaribu kabla hujalipa, au siku ile ile unapofika nayo nyumbani.

Majaribio yenyewe ni mepesi. Tafuta kuta mbili zinazoelekeana, ziachane mita 5 hivi. Weka leza karibu kabisa na ukuta wa kwanza, tia alama ya penseli pale mstari ulipopita. Igeuze iangalie ukuta wa pili, tia alama nyingine. Sasa ihamishe, iweke karibu na ukuta wa pili, uinyanyue au uishushe mpaka mstari wake upite juu ya alama ya ukuta ule. Kisha igeuze iangalie ukuta wa kwanza. Mstari ukirudi pale pale ulipoanza, leza yako ni mkweli. Ukiachana na alama ya kwanza, pima mwachano huo: ni kosa mara mbili. Kwa mita 5, mwachano wa hadi milimita 3 unaingia ndani ya ahadi ya boksi. Ukizidi hapo, mrudishie mwenyewe.

Mstari wa wima unapimwa kwa zana ya kale. Tundika timazi mlangoni, acha uzi utulie, ufunge dirisha upepo usiuchezee, kisha upige mstari wa leza juu ya uzi. Vikilingana juu mpaka chini, sawa. Visipolingana, shahidi wa kuaminiwa ni uzi, kwa sababu uzi hauna cha kuharibika.

Hapo utaniuliza, basi kwa nini nisibaki na timazi yangu na mpira wa maji? Swali zuri. Mpira wa maji, ule mrija mwembamba wa plastiki unaopitisha macho, ni pima maji ya ajabu. Jaza maji, toa mapovu yote, shika ncha moja hapa na mwenzako ashike ncha nyingine mita 20 kule, nyuma ya kona, ambako leza haioni. Maji ya ncha mbili yatasimama usawa mmoja. Kwa kuweka alama za msingi uwanjani, mchana wa jua kali la Unguja, mpira unaishinda leza ya bei nafuu, maana saa 6 mchana mstari wake huuoni hata ukiinama. Kwa kazi ya nje na leza hiyo, subiri alfajiri au baada ya magharibi. Mwanga wa kijani unaonekana vizuri kuliko mwekundu kwa sababu jicho la binadamu lina wepesi zaidi kwa rangi hiyo, lakini nao hula betri haraka, na jua la saa 6 unashindwa nalo pia.

Ndani ya nyumba hali ni nyingine. Ndani leza inakupa mikono miwili. Mpira unataka watu wawili wanaoelewana. Leza unaiweka, unaondoka, na mstari unakungoja ukutani wakati unapima, unachora, unatoboa. Mtu anayefanya kazi peke yake jioni, akitoka kazini, hiyo ndiyo faida anayoilipia. Na kwa kazi hiyo huhitaji leza ya mistari 12 wala 16 wanayoisifia dukani. Ya mistari miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, inamaliza kazi nyingi za nyumbani.

Sasa twende Mji Mkongwe, maana hapo ndipo leza inapokutana na mkubwa wake.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene. Dari zake zimekaa juu ya boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mkubwa, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake mita 3 au pungufu. Na boriti ni mti wenyewe, haukupasuliwa kwa msumeno wa kiwanda: umepinda ulivyopinda baharini. Juu yake mawe na chokaa, vikapondwa mpaka vikashikana. Miaka 100, 150, ukuta umeshuka hapa, umenyanyuka pale. Usitarajie pembe mraba.

Kiponda, ghorofa ya pili, bi mkubwa mmoja alitaka rafu ndefu ya vyombo jikoni, chini ya boriti. Fundi kijana akaja na leza yake mpya, akaiweka sakafuni kwenye stendi ya miguu mitatu. Mstari ukatoka, mzuri, wa kijani. Bi mkubwa akapita kwenda kutia maji kwenye birika, mstari ukaruka. Akarudi, ukaruka tena. Kijana akaanza kukizungusha kisanduku, akidhani kibovu.

"Mwanangu," bi mkubwa akamwambia, "itoe hapo chini uiweke kidakani. Sakafu hii inacheza tangu naolewa."

Na kweli, sakafu ya boriti inapokea kila hatua ya mtu, na kila hatua inafika kwenye kile kipande kinachoning'inia. Kidaka kimo ndani ya unene wa ukuta. Ukuta hautikisiki kwa mtu kutia maji kwenye birika. Leza ilipowekwa kidakani, mstari ukatulia kabisa. Ukiwa na nyumba ya zamani, msikilizaji, tafuta kidaka au kizingiti cha dirisha kabla hujafungua miguu mitatu.

Mstari ulipotulia, wote wawili wakaona kilichokuwapo siku zote: boriti zilikuwa zimeteremka kwa vidole vinne hivi kutoka pembe moja ya jiko hadi nyingine.

"Bi mkubwa," kijana akasema, "nikiifuata leza, rafu itakuwa sawa lakini wewe utaiona imepinda. Nikizifuata boriti, utaiona imenyooka lakini sahani zitateleza."

"Sasa?"

"Tuishushe. Iwe sawa na leza, lakini iwe mbali na boriti, jicho lisizilinganishe."

Akaishusha, na rafu ipo. Kijana yule alikuwa fundi kabla ya kununua leza. Aliuliza swali ambalo kisanduku hakiwezi kuuliza: kitu hiki kitahukumiwa na nani? Sahani, maji, gololi, mlango unaojifungua wenyewe, hivyo vinahukumiwa na ardhi, na hukumu ya ardhi ndiyo hukumu ya leza. Lakini safu ya picha ukutani, mstari wa rangi unaotenganisha juu na chini, pindo la dari, hivyo vinahukumiwa na jicho, na jicho halijui ardhi. Jicho linalinganisha na kilicho karibu: boriti, fremu ya mlango, ukingo wa dirisha. Pale ambapo boriti imeinama na wewe ukapiga mstari wa rangi ulio sawa kabisa chini yake, umemtangazia kila mgeni kwamba nyumba yako inaanguka, na wala haianguki. Maji yafuate leza, macho yafuate nyumba.

Kwenye nyumba mpya za matofali, au kwenye fleti za Michenzani, hukumu hizi mbili zinakaribiana. Fleti zile ni za wakati ambapo mstari ulionyooka ulikuwa siasa: baada ya Mapinduzi ya 1964 Ng'ambo, upande wa mji zilikojengwa, ilitakiwa ifanane na mji mpya, na mpango wa mji wa 1968 ulichorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Kuta zake zilikusudiwa ziwe sawa tangu mwanzo, kwa hiyo ukipiga leza chumbani, mara nyingi ardhi na jicho vinakubaliana. Kazi ni nyepesi.

Mji Mkongwe kishawishi ni kikubwa zaidi, na hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini. Mtu ananunua leza, anapiga mstari wa wima ukutani, anaona ukuta umetoka nje kwa inchi mbili. Moyo hautulii. Anaita fundi, wanaujaza ukuta kwa plasta ya saruji mpaka ulingane na leza. Ukipita baada ya wiki, utasifu: ukuta umenyooka. Subiri masika. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu kutoka chini na kwenye mvua, na unautoa kupitia usoni mwake. Chokaa inauruhusu kutoka. Saruji inauzuia. Unyevu unabaki ndani, unaila chokaa ya zamani iliyoshika mawe, chumvi inachanua, na ile plasta nzito, nene kwa sababu ilifukuza mstari, inajitenga na ukuta, inaanguka kwa vipande. Mtu ameusahihisha ukuta akauua.

Ukuta ulioinama na kukaa hivyo miaka 80 bila kuongeza kitu hauna deni kwa mtu. Plasta mbovu itengenezwe kwa chokaa, ifuate umbo la ukuta. Na kazi za kubadilisha nyumba za Mji Mkongwe zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, miaka 15 kabla mji huu haujaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Waulize kabla, usiulizwe baadaye.

Nimesema maji yafuate leza. Sisi wa Unguja si wageni wa jambo hilo. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, na pale Hamamni yakajengwa mabafu ya umma. Huwezi kuyaongoza maji mwendo huo wote bila mtu anayejua, kila hatua, wapi juu na wapi chini. Nyumbani kwako kazi ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo.

Choo na bafu ndipo watu wanapokosea kwa ajili ya kupenda usawa. Fundi anaweka taili za bafuni sawa sawia na mstari wa leza, anajisifu, kisha maji ya kuoga yanasimama pembeni yakiota utelezi. Sakafu ya bafu haitakiwi iwe sawa. Inatakiwa iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Piga mstari wa leza kuzunguka kuta zote nne, huo uwe mstari wako wa kupimia tu. Kutoka kwenye mstari huo shuka kwa futi kamba: kwenye ukuta ulio mbali na tundu, tuseme sentimita 30, ulio mita 2 karibu zaidi na tundu, sentimita 33. Unganisha alama, hapo ndipo taili ziende. Leza imekupa usawa ili wewe uweze kuuacha kwa kipimo.

Mfereji wa mvua wa bati ni vivyo hivyo: usiuweke sawa, uuteremshe kidogo kuelekea kwenye tangi. Lakini kitako cha tangi lenyewe, hapo usawa kamili. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Likiegemea upande mmoja, uzito wote unaenda kwenye miguu ya upande huo, na jukwaa la matofali lililojengwa kwa haraka halisamehe. Hapo leza ishike hukumu, kona zote nne.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wameanza kulifanya kwa leza, nalo ni safu za msikitini, wakati wa kutandika mazulia mapya au kuchora mistari ya kusimamia. Leza inanyoosha safu uzuri sana. Lakini kibla haikijui. Ukiielekeza pasipo, itakupa mstari ulionyooka kabisa wa kwenda pasipo. Kibla lazima ukipate kwanza kwa elimu nyingine, na sisi Unguja tuna bahati. Mji wa Zanzibar uko nyuzi 39.2 mashariki, Makka nyuzi 39.8. Tumekaa karibu kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kinaegemea mashariki kidogo mno.

Ukitaka kuhakikisha, lipo jaribio lisilohitaji hata betri. Mara mbili kwa mwaka jua linapita juu kabisa ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Saa za Makka na za kwetu ni moja. Ning'iniza timazi uwanjani penye jua, subiri dakika hiyo, chora kivuli cha uzi kwa penseli. Mstari huo, ukiufuata kuelekea upande wa jua, unakwenda Makka. Tangu hapo leza iingie kazini: ipange juu ya mstari wa penseli, uuingize mstari ndani, na pembe mraba ya safu uipate kwa hesabu ya mafundi ya tatu, nne, tano. Uzi, jua, hesabu, leza, kila kimoja kwa zamu yake.

La mwisho ni nyufa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, halikuanguka bila kusema. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu skuli. Tunachokosa ni kipimo, maana mtu anayeishi na ufa kila siku hauoni ukikua.

Hapa leza ya bei nafuu inaweza kukupa kitu ambacho jicho haliwezi. Chagua mahali pamoja, kidaka kimoja, na utie alama ya kudumu pale unapoiweka. Piga mstari wa wima mbele ya ukuta unaoushuku, sambamba nao. Kwa rula, pima umbali kutoka kwenye mstari hadi ukutani, juu na chini. Andika namba zote mbili na tarehe, kwa penseli, pale pale ukutani. Tia alama na kwenye ncha za ufa. Rudia kabla ya masika, rudia baada yake. Usijali milimita moja. Hiyo ni ya leza yenyewe. Ukiona tofauti ya juu na chini inaongezeka msimu hadi msimu, ukuta unatembea. Usimwite mpiga plasta. Mwite mhandisi, na kama ni Mji Mkongwe, ipeleke taarifa kwa Mamlaka ukiwa na namba zako mkononi. Mtu mwenye namba na tarehe anasikilizwa kuliko mwenye wasiwasi peke yake.

Kabla hatujaachana, mambo madogo ya kuitunza, na macho ya watoto. Tafuta kibandiko kinachosema ni leza ya daraja la 2, yaani nguvu yake haizidi miliwati moja. Mwanga wa daraja hilo ukikupitia machoni kwa bahati mbaya, kope hujifunga kabla ya madhara. Lakini mtoto anayeutazama makusudi kwa mchezo ni hatari, na kioo cha kabati kinaweza kuurudisha mwanga kitandani alikolala. Iweke juu au chini ya usawa wa macho. Ile miwani myekundu au ya kijani inayokuja ndani ya boksi si kinga; kazi yake ni kukusaidia kuuona mstari tu. Ukimaliza kazi, funga kufuli kabla ya kuibeba, ili kile kipande cha ndani kisigongwegongwe njiani. Toa betri kama hutaitumia wiki nyingi, kwa maana unyevu wa pwani yetu na betri iliyovuja ni maadui wa shaba. Na ikidondoka, hata kama inawaka vizuri, usiiamini mpaka uipitishe tena kwenye yale majaribio ya kuta mbili.

Kama mna nyumba kadhaa za ndugu zinazojengwa kidogo kidogo, nunueni moja, izunguke. Leza ya mtu mmoja hulala kabatini miezi. Na kijana anayetaka kujifunza ufundi, mnunulieni kwanza timazi na mpira wa maji. Akishajua kwa nini vinasema kweli, leza itamwongezea kasi. Akianza na leza, atajua kuufuata mstari, na siku ya bafu au ya boriti iliyoinama hatajua pa kuuacha.

Haya, msikilizaji. Ukuta wako wenye ufa, anza leo kuuandikia tarehe.